Bamba Bila Bitana

Levko alilitoa bamba kwenye fulana yake ya kuzuia risasi, akaligonga kwa kifundo cha kidole.

"Unalisikia, dada? Daraja la nne, la Kimarekani. Siyo ile nne yetu ya hapa. Hili linazuia hata risasi yenye kiini cha chuma kigumu."

"Sijakuuliza linazuia nini," Yaryna alimjibu huku akimwongezea supu ya borshchi. "Nakuuliza bitana iko wapi."

Tangu vita vianze Yaryna alikuwa akishona fulana za askari katika ukumbi wa michezo wa shule, pale mjini Kolomyia, na mabamba ya kila namna yalipita mikononi mwake. Alikuwa na tabia ya kuyageuza na kusoma mgongoni. Chini ya namba kubwa inayowafurahisha vijana huwa kuna mstari wa herufi ndogo. Mabamba mengine huandikwa kwamba yanajitosheleza yenyewe. La Levko lilisema livaliwe pamoja na bitana, yale matabaka ya kitambaa cha nyuzi ngumu yanayokaa kati ya bamba na mwili. Kauri ya bamba inaivunja risasi, bitana inadaka vipande. Ukiondoa bitana, ile nne haipo tena.

"Nimeiacha kambini," Levko alisema, mdomo umejaa. "Joto, dada! Kiangazi chote tulikuwa tunachemka kama viazi. Kikosi kizima tumezitoa. Halafu mjomba Danylo si alilijaribu bamba kama hili mbele ya macho yangu? Risasi haikupenya!"

"Alilijaribu likiwa na bitana."

"Nne ni nne bwana."

Yaryna alimjua mdogo wake: ukimsukuma, ndiyo kwanza anajikita. Lakini basi lilikuwa linaondoka alasiri, na akiondoka hivyo, angerudi mstari wa mbele na nusu ya kinga akidhani anayo kamili. Akashuka ghalani, akachagua boga lililonona, akalitia kapuni.

"Vaa viatu. Na fulana yako uibebe."

Mjomba Danylo, kaka yake mama yao, alikuwa akiwafundisha mgambo kulenga shabaha kule kwenye machimbo ya kokoto. Kila shehena ya mabamba ilipofika, moja lilitolewa kafara: alilivika fulana kamili, yenye bitana, akaifunga kwenye gunia la udongo, akalipiga risasi watu wakiona. Bamba la kafara la shehena mpya lilikuwa tayari mezani, ndugu kabisa wa lile la Levko.

Yaryna alimkabidhi boga. Danylo akalitazama, akamtazama na mpwa wake.

"Mwanamume akipewa boga na binti, ajue posa yake imekataliwa. Mimi nimekuposa lini, mwanangu?"

"Fulana ifunge kwenye hilo badala ya gunia, mjomba. Na bitana usiweke."

"Hapana. Utaratibu ni fulana kamili."

"Utaratibu ulikuwa sawa walipokuwa wakivaa fulana kamili. Muulize huyu wanavaaje sasa."

Danylo akamgeukia Levko. Levko akajikuna kisogo. "Si joto, mjomba."

Mzee aliliingiza bamba la kafara ndani ya fulana ya Levko mwenyewe, akaibana kwenye boga, akavisimamisha vyote ukutani mwa machimbo. Wakarudi nyuma, wakaziba masikio.

Mlio ulikuwa mmoja. Levko ndiye aliyetangulia kukimbia, akicheka, akipiga kelele kwamba angemlisha dada yake uji wa boga hilo mpaka aombe radhi. Akaivuta fulana.

Boga lilikuwa na tundu linaloingia ngumi. Nyama yake ya manjano ilikuwa imechanganyika na vigae vya kauri, na mbegu zilikuwa zimeganda kwenye kitambaa cha fulana, upande ule unaokaa kifuani.

"Bamba bovu hili," alisema, lakini kwa sauti ndogo.

"Ni zima kabisa," Yaryna alisema. "Limefanya kazi yake. Mwenzake ndiye hakuwepo."

Levko alisimama akiitazama fulana. Kisha akatoa simu, akampigia mwenzake wa kikosini.

"Wewe, bitana yako iko wapi? ... Nini? ... Paka anailalia? Mtoe paka! ... Sicheki mimi! Mtoe sasa hivi, iingize kwenye fulana, na uwaambie wote. ... Wengine wamezitupa? Subiri." Akaishusha simu. "Dada, pale kwenu mnazo za kutosha?"

"Zilizokatwa zipo. Hazijashonwa pindo."

"Basi linaondoka saa kumi."

"Litaondoka. La kesho asubuhi pia lipo," Yaryna alisema, akiokota kapu. "Twende, utanishikia kitambaa."