Kuonja si Kula

"Wifi, si uliambiwa usitie kitu kinywani?"

Nyamvula alikuwa ameshachota mchuzi wa mbaazi kwa upawa, akaudondosha kwenye kitanga cha mkono wa kushoto na kuulamba. Kwa miaka kumi na tisa ya kupika na kuuza chakula pale mtaani Ziwa la Ng'ombe, chumvi yake haikuamuliwa na jicho. Iliamuliwa na kitanga.

"Niliambiwa nisile," alijibu. "Kuonja si kula, Kaviha. Nani kashiba kwa kitanga?"

Kaviha, dada wa marehemu mumewe, akaongeza makaa jikoni. Ndiye angebaki na jiko, na chumvi yake, Mungu amsamehe, ni ya kubahatisha. Juzi wateja walirudisha sahani. Ndiyo maana alfajiri ile, siku yenyewe ya kupasuliwa, Nyamvula alikuwa bado amekalia kigoda chake cha chuma. Kile cha mbao kilimvunjikia mwezi wa tatu mbele ya wateja. Watu walicheka, naye akacheka nao, kisha akaingia ndani akalia.

Akaongeza chumvi, akaonja. Akatafuna punje mbili tatu kujua kama zimelainika, huku akimgombeza Kaviha kwa kujaza makaa. Tui zito lilipoingia akaonja tena, na tena, maana tui zito ni jeuri, likikatika halirudi.

Uzito wake ulikuwa kilo mia moja na arobaini na mbili. Magoti yalikuwa yamegoma, sukari imepanda, na usingizini pumzi ilikuwa ikimkatika. Binti yake Lynnette alikuwa halali vizuri, akimsikiliza mama yake akinyamaza, akingoja pumzi irudi.

Daktari Mutua alikuwa amewaeleza yote mapema, bila haraka. Njia zilikuwa mbili: kukata sehemu kubwa ya tumbo, libaki jembamba kama ndizi, au kuunganisha utumbo chakula kipite njia ya mkato. Walichagua ile ya kwanza. Sukari ingeweza kushuka, na magoti yangepata nafuu. Lakini mshono huweza kuvuja, damu huweza kuganda, na vidonge vya vitamini angemeza maisha yake yote.

"Na kuanzia saa sita za usiku usile chochote, mama," alisema. "Ukilala kwa dawa, kilichomo tumboni chaweza kupanda kikaingia mapafuni. Hapo hata mimi sina ujanja."

"Na nikishapona nitaweza kuonja? Mimi ni mpishi, daktari."

Daktari akacheka. "Kuonja utaonja mpaka uzeeke. Kula ndiko kutakakopungua."

Neno hilo alirudi nalo nyumbani kwa furaha, kana kwamba kapewa cheti.

Saa tatu asubuhi ile, yeye na Lynnette walikuwa hospitalini. Muuguzi, msichana mpole aitwaye Pascalia, alishika kalamu.

"Tangu saa sita usiku umekula chochote, mama?"

"Hata punje, mwanangu."

"Mimi shahidi," Lynnette akadakia. "Hata chai kaikataa."

Pascalia akatia alama. Na haki ya Mungu, Nyamvula hakukusudia kudanganya. Mpishi hahesabu anachoonja, kama vile mtu asivyohesabu mara alizopepesa macho.

"Ukiamka utanikuta hapa," Lynnette alisema, akimkumbatia pale mikono ilipofika.

"Mwambie Kaviha asifunike mbaazi zikiwa moto. Zitachacha."

Chumba cha upasuaji kilikuwa na baridi kali. Pascalia alimpangusa mkono wa kushoto amtie sindano, akasita kwenye kitanga.

"Hii ni hina, mama?"

"Manjano, mwanangu. Haitoki. Ndiyo kazi yangu."

Muuguzi akatabasamu, sindano ikaingia. Taa zikawashwa. Nyamvula akalala chali, na ulimi wake, usiojua likizo, ukaanza kupekuapekua kinywani kama kawaida yake. Nyuma ya gego la mwisho ukakuta kitu laini. Ganda la mbaazi. Lilikuwa bado na ladha ya nazi.

Maneno ya daktari yakamrudia. Kilichomo chaweza kupanda. Ole wangu! Akakumbuka vitanga: kimoja, vitatu, vitano, na zile punje alizotafuna. Akisema, watamrudisha nyumbani, na foleni ile alikuwa ameingoja miezi minane. Lynnette angerudi kukesha, na kigoda cha chuma nacho kina siku zake. Asiposema je? Alimwona akilini binti yake kule nje kwenye benchi, amekumbatia kanga zake. Hapana, alitaka kuamka amkute.

"Daktari," akasema. "Ngojeni kidogo, nili..."

Barakoa ya hewa ilikuwa imeshamshukia.

"Pumua, mama, pumua kwa nguvu," sauti ya mwanamume ikasema nyuma ya kichwa chake. Dawa ilikuwa tayari kwenye mshipa, ikipanda mkononi kwa baridi. Alitikisa kichwa, kikawa kizito. Akanyanyua mkono wa kushoto, akauelekeza kinywani.

"Usiogope," Pascalia alimwambia, akaudaka mkono kwa upole na kuushusha. "Tuko nawe."

Vidole vikalegea kimoja kimoja. Kitanga kikafunguka kikatazama juu, kama kinachongoja upawa. Pascalia akainama kukilaza vizuri kwenye shuka, akaganda hapohapo. Kilikuwa kinanukia nazi ya asubuhi ile.