Taa Mpya za Bibie

Fundi cherehani alikuwa na siri moja iliyokuwa ikimla polepole: aliamini anapofuka. Hakumwambia mkewe wala mwanawe. Daktari ndiyo kabisa, maana daktari angeweza kukubaliana naye.

Mchana hakuwa na neno. Alikaa barazani kwake, akatunga uzi kwenye sindano bila miwani na kuwatania wateja ambao suruali ziliwabana mwaka hadi mwaka. Tabu ilianza jua likizama. Akiwasha taa za Bibie, gari lake la zamani lenye taa mbili za duara, barabara yote iligeuka uji mbele yake. Jioni moja alimkosakosa mtu aliyekuwa akisukuma baiskeli, ikawa kudra za Mungu tu. Tangu hapo, giza likiingia, Bibie halitoki.

Kilichomuuma zaidi ni dada yake. Dada ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na sasa alikuwa na duka la mikate upande wa pili wa mji. Wote wawili ni watu wa kazi mpaka jioni, hivyo kwa miaka mingi Jumamosi jua likizama fundi alikwenda kwa dada kucheza karata na kugombana kwa raha zao. Sasa alikuwa ameacha. Mara mafua, mara mgongo, mara suti za harusi ya watu. Kumwomba mwanawe ampeleke? Angeulizwa sababu, na siri ingemwagika. Dada naye si mtoto mdogo. Alisikiliza visingizio hivyo mpaka akachoka, akaacha kupiga simu.

Basi mzee akaamua kuuza gari. Akamwita mkwe wake, mke wa mwanawe, ambaye alikuwa fundi umeme wa magari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie taa hizi, mnunuzi asije akapata la kusema. Ila sura ya Bibie usiiguse. Vioo na pete zinazovizunguka virudi vilevile."

"Uuze Bibie? Wewe?"

"Nimezeeka."

Mkwe hakubishana na mzee, alifungua sanduku la vifaa. Fundi cherehani akasimama pembeni kulinda zile pete za chuma kinachong'aa, utasema ni dhahabu ya mahari. Mkwe alipotoa kioo cha kushoto aliguna. Kisahani cha ndani, kile cha kurudisha mwanga barabarani, kilikuwa kimeliwa na kutu. Akapima betri kwa mita, ikawa nzima. Akapima pale kwenye balbu, akatikisa kichwa.

"Umeme unatoka kwenye betri vizuri, baba, unapitia kwenye swichi, unazunguka kwenye nyaya hizi nyembamba zilizooza. Ukifika huku umechoka hoi. Ulikuwa unaendeshaje usiku?"

"Siendeshi," alisema mzee, akageuka kutazama ukuta.

Mkwe akarudi kwenye taa. Akafunga kisahani kipya na balbu mpya, akavuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, ile swichi ya zamani ibaki na kazi ya kuamrisha tu taa iwake au izime. Alikuwa na mazoea yake: hagusi upande wa pili kabla ya kuwasha wa kwanza, ili apate cha kulinganisha. Kwa hiyo jua lilipozama, Bibie lilikuwa na taa moja mpya na moja ya kale.

"Keti kwenye usukani, baba. Washa."

Mzee akawasha. Ukuta wa jirani ukagawanyika nusu kwa nusu. Kulia ulikuwa ule uji wake wa siku zote. Kushoto aliona kila tofali, ufa uliopita katikati, na hata mjusi aliyeganda kwa mshtuko.

Mzee alifumba jicho moja, akafumbua, akafumba la pili. Mjusi alikuwa palepale.

"Macho ni yaleyale, baba," mkwe alisema taratibu.

Hapo mzee alishindwa kujizuia. Alilia mikono ikiwa kwenye usukani, akamweleza yote: baiskeli, visingizio, dada. Mkwe alisimama dirishani, akasikiliza mpaka mwisho.

"Ahsante, mwanangu," alisema mzee. "Ahsante sana. Umenirudishia macho yangu."

"Mimi nimegusa nyaya tu. Nipe nafasi nimalize upande wa pili, halafu nitazishusha taa kidogo zisiwachome watu macho."

Bibie halikuuzwa. Jumamosi iliyofuata fundi alivaa shati alilolishona mwenyewe, akavuka mji mzima giza likiwa limeshaingia, akiimba. Kila shimo alilikwepa kwa furaha. Alipoingia uani kwa dada, mwanga ulijaa mlangoni, na dada akatoka amejikinga uso kwa kiganja.

"Nani huyo anatupofusha?"

Mzee akazima taa, akashuka mbiombio.

"Shikamoo, dada."

Dada hakuitikia upesi. "Nilijua umenisusa."

"Nilidhani napofuka, dada. Kumbe ni taa. Mkwe wangu ndiye aliyegundua."

"Ukaona bora mimi nidhani umenichukia?"

Fundi akasokota kifungo cha shati. Dada alipita pembeni yake, akaweka kiganja juu ya kioo cha taa kilichokuwa bado na joto.

"Mungu ambariki mtoto huyo," alisema. Kisha akamshika mdogo wake mkono wa shati, akamvuta mlangoni. "Marahaba. Ingia. Karata ziko mezani kama ulivyoziacha, na zamu ni yako."