Mkono Chini ya Roboti

...na kwa nini asiuweke, ni mkono tu, auweke pale chini ya roboti ya upasuaji waliyoileta mahakamani, iliyotengenezwa na kampuni yake mwenyewe, huyu binti, wakili wa serikali, abaki mdomo wazi, anadhani amemnasa kwa maneno yake, na kweli aliyasema, tena kwa sauti, hata mimi mkurugenzi ningelala chini yake leo hii, mheshimiwa jaji, binti akadakia, usilale, weka mkono tu, mahakama nzima ikacheka, wacha wacheke... "Hulazimiki," anasema jaji, "ila umesema mwenyewe," na lini yeye alilazimishwa kitu, kampuni ameijenga kwa jasho lake, leo yeye na kampuni wote wawili wameshtakiwa kuua bila kukusudia, kana kwamba ni yeye aliyeshika kisu, yule mwalimu wa chekechea, Mungu amrehemu, aliingia kutolewa uvimbe, roboti ikamkata mshipa, inauma, nani amesema haiumi, lakini mashine haina nia mbaya na yeye hana, basi auweke, na picha itatoka vizuri, akunje tu shati hivi... "Mzee, kaa chini," wakili wake ananong'ona, huyu naye, analipwa ili aogope... soketi gani ile waliyochomekea roboti, mbona imelegea, na jengo hili lina jenereta kweli, maana umeme ukikatika ukarudi... "Mjomba," mpwa wake, mhandisi wake mkuu, siku ile kabla hawajaanza kuuza alisimama mlangoni pa ofisi, "umeme ukiyumba roboti inasahau kisu kiko wapi, inakitafuta huku inakata, tusiuze kwanza," akamjibu hospitali zote zina jenereta, acha woga, na kijana hakurudia tena... upuuzi, anauweka sasa hivi, shati limeshafika kwenye kiwiko, ila mbona ametega sikio, anasikiliza nini, anasikiliza jenereta nje ya dirisha, na hakuna jenereta, na mtu anayeiamini mashine yake hakagui soketi, mwalimu hakukagua chochote, alilala tu kama alivyoambiwa, angeulizaje habari ya umeme wakati hakuna aliyemwambia, na wa kumwambia alikuwa... "Mkurugenzi?" binti anauliza kwa upole, jaji bado anangoja, mkono uko palepale juu ya meza ya wakili wake, wazi hadi kiwiko, anauamuru uende, hauendi, na wa kumwambia mwalimu alikuwa yeye.