Waliozima Kamera

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa mbele ya kamati ya chuo. Ilidaiwa kwamba kozi ya Habari za Kidijitali, niliyoianzisha na ninayoiongoza, haina wanafunzi.

Mwenyekiti ni projekta. Feni yake inakoroma kidogo, kisha ananimulika usoni.

"Dokta Nyamizi, kanuni inasema aliyezima kamera hayupo. Darasa lako lote limezima."

"Wanabana bando, mheshimiwa."

"Wasipopatikana, kozi inafungwa leo."

Najibu hivyo, lakini kutojua kama wapo ndiko kunakoninyima raha. Nimeandika makala kibao kuhusu watu wanavyosikilizana mtandaoni, lakini kila Jumanne nafundisha miraba myeusi yenye majina. Nauliza, "Tuko pamoja?" kisha najijibu mwenyewe. Mganga hajigangi.

Ukuta wa kamati unageuka kuwa darasa langu, kila mraba umekuwa mlango. Projekta anashuka mezani, ananifuata akiburuta waya.

"Piga hodi," anasema.

Nagonga mraba wa Tulinagwe.

"Karibu, Dokta. Sukuma tu."

Nasukuma, najikuta jikoni kwao Tukuyu. Tulinagwe anachoma maandazi, simu ameiegemeza kwenye kopo la hamira.

"Shikamoo, Dokta. Samahani, mikono imejaa unga, ndiyo maana huwa sijibu."

"Marahaba. Wiki iliyopita nilifundisha nini?" Naogopa jibu.

"Ulisema wengi hawasambazi uzushi kwa ubaya, wanausambaza kwa mapenzi. Mama alikuwa ashawatumia ndugu wote ujumbe wa dawa ya uongo ya kisukari. Sikumgombeza. Nilikaa naye, tukawapigia mmoja mmoja. Mjomba alikuwa ameshaacha sindano, akarudi hospitali."

Feni ya projekta inanyamaza. Anagonga milango mingine mwenyewe. Hamduni yuko getini anakolinda, spika moja sikioni. Bupe yuko wodi ya wazazi, mkono mmoja kichanga, mwingine kalamu. Hakuna mlango usio na mtu.

"Mimi nimezoea kuona kilichomulikwa tu," projekta anasema kwa aibu, huku akitafuna andazi. "Kozi iendelee."

Nafuu niliyoipata ni ya mtu aliyevua viatu vya kubana. Nacheka, nalia kidogo, nataka kumshukuru Tulinagwe, lakini mdomo hautembei.

"Dokta, umeganda," anasema. "Mtandao wako huo." Ananyoosha kidole, anagusa hewa iliyo mbele ya uso wangu, nayo ni ngumu kama kioo.

Nikaamka. Kumekucha, ni Jumanne, kompyuta iko mezani nilipoiacha. Katikati ya kioo kulikuwa na alama ya kidole, nyeupe, ya unga.

Nikaifuta kwa ncha ya kanga. Haikutoka. Nikaitia mate, nikasugua tena, ndipo nikagundua iko upande wa ndani.

Basi nikaiacha, nikafungua darasa. Miraba myeusi ikaingia mmoja baada ya mwingine. Nikawakaribisha, nikaanza kufundisha bila kuuliza kama tuko pamoja.