Kila Mlango na Dawa Yake

Hakuna jambo la nyumba ile lililompita yule fundi cherehani ambaye wapangaji wenzake walimwita Redio. Alijua nani kagombana na nani kwenye kamba ya kuanikia, nani kahamisha kitanda na kwa nini. Alijua pia nani hujifungia kupika kitu kizuri baada ya kutangaza kwamba gesi yake imekwisha. Cherehani yake ilikaa barazani, jicho kwa jicho na mlango mkubwa, na hakuna aliyeingia wala kutoka bila kupimwa. Mwenyewe alisema umbeya si dhambi, ni ulinzi. Nyumba isiyojuana huibiwa mchana kweupe.

Kwa hiyo asubuhi ile, alipomwona mbwa amejikunyata kwenye kona ya baraza, udenda unamning'inia mdomoni kama uzi uliochomoka kwenye bobini, moyo ulimlipuka. Siri ya mbwa yule ilikuwa jambo pekee la nyumba ile alilolijua na hakuwa amemwambia mtu.

Mbwa mwenyewe aliitwa Askari. Mpangaji aliyehama zamani alimwacha nyuma pamoja na kochi bovu. Kochi likatupwa, mbwa akabaki. Alikula mlango huu na ule, ila usiku alilala kwenye mlango wa Redio. Mume wa Redio alikuwa dereva wa malori, leo yupo kesho hayupo, na tangu wezi walipong'oa dirisha la jirani, mama wa watu hakupata usingizi mpaka asikie pumzi za Askari chini ya mlango.

Halafu ukaja upele. Ulianza kwenye ncha za masikio, ukashuka viwikoni, ukapanda mgongoni. Manyoya yakapukutika, ngozi ikawa nene, ya kijivu, yenye mikunjo na magamba. Askari akawa hana kazi nyingine ila kujikuna, mguu unagonga ubao wa mlango, ti, ti, ti, mpaka Redio akawa anajikuna naye huko ndani.

Siku moja mteja alifika na kitambaa chake cha gharama, akamkuta Askari anajisugua kwenye mguu wa meza ya cherehani. Akakunja kitambaa akakirudisha kwenye mkoba, na alipokuwa anashuka ngazi akauliza kwa upole unaouma kuliko matusi, "Shoga, siku hizi unashona na kugawa upele bure?"

Redio alijua ulimi wa mwanamke yule unavyotembea, kwa kuwa wake hutembea vilevile. Akaona bora awahi. Jioni hiyohiyo aliwakusanya wapangaji kwenye bomba la uani, na mwenye nyumba akaitwa. Akasimama juu ya ndoo iliyofudikizwa akasema upele wa mbwa unaambukiza watu. Kuanzia leo, atakayemgusa Askari asishike bomba, asishike kamba, na asimshike mtoto wa mwenzie. Watu wakaitikia. Mwenye nyumba akaongeza la kwake: mbwa yule asipopona kabla mwezi haujaisha, anaita watu waje wampige risasi. Hapo wakaitikia kwa sauti ya chini. Wa kwanza kutikisa kichwa alikuwa Mama Bonge, jirani wa mlango wa pili, akiwa na mwanawe mnono mgongoni, yule aliyeipa familia jina.

Na ni Redio huyohuyo, mtunga sheria, aliyekwenda gereji akaomba oili chafu kwenye kopo. Akachanganya na unga wa salfa, kama alivyomwona bibi yake akifanya utotoni. Bibi alisema oili huwaziba pumzi wadudu walio chini ya ngozi, na salfa huwamalizia. Aliviziavizia watu walipokwenda makazini, akamvutia Askari nyuma ya vyoo, akampaka kwa tambara lililofungwa kwenye kijiti. Mbwa akatulia kama anayejua kwamba maisha yake yanaibwa kutoka mikononi mwa mwenye nyumba. Redio akanawa kwa sabuni ya unga mpaka vidole vikamwasha. Hakumwona mtu. Akajisifu kimoyomoyo kwamba hata yeye akitaka kunyamaza, ananyamaza.

Sasa, asubuhi ile kwenye kona ya baraza, Askari alikuwa anatetemeka. Hakutetemeka kama mwenye baridi. Nyama zilimchezacheza chini ya ngozi, hapa zinatulia, pale zinaanza. Macho yalimtoka machozi. Alijaribu kusimama, miguu ya nyuma ikamkataa.

Redio akazunguka akamwinamia, na harufu iliyompiga puani haikuwa ya oili peke yake. Ilikuwa kali, ya kukaba koo. Hakuwa na nafasi ya kuifikiria. Kilichokuwa kichwani ni kimoja: nimemuua. Akarudi kwenye cherehani kana kwamba hajaona kitu, akashona mkono wa gauni ndani nje, akaufumua, akaushona tena vilevile. Alikuwa anapanga. Akifa, atasema alikula sumu ya panya huko mitaani. Nani atabisha?

Alikuwa bado anautengeneza uongo ule, anaupiga pasi, ndipo Mama Bonge alipotoka chumbani na mtoto mikononi. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele.

"Dada, hebu mwangalie mwanangu," alisema. "Sielewi ana nini."

Bonge alikuwa amelegea. Shati lake lilikuwa limelowa kifuani, na kutoka mdomoni ulining'inia udenda mrefu, mweupe, unaovutika. Machozi yalimtiririka bila kulia. Kwenye shavu lake nene, chini ya ngozi, kulikuwa na kitu kinachezacheza.

Redio aliutazama udenda ule, kisha akaitazama kona ya baraza. Mikasi ikamponyoka.

Alimkuta wapi? Mama Bonge akaeleza kwamba alimkuta alfajiri uani amemkumbatia mbwa shingoni, shavu kwa shavu, kama kawaida yake anapotoroka. Akamnawisha mikono, akampa uji. Uji wote umetoka. Kelele za kutapika zikawa zimewafikia wengine. Babu Ugoro, mzee mstaafu wa chumba cha mbele ambaye kiganja chake hakikosi tumbaku ya kunusa, akaja anaburuta ndala na kushauri maziwa. Maziwa huzima kila sumu. Fundi Cheche, mchomeleaji wa mageti pale kando ya nyumba, akaja na miwani yake nyeusi kichwani akasema siyo maziwa, ni yai bichi. Kikombe cha maziwa kikawa tayari kimeletwa.

Redio alimpokonya mtoto mikononi mwa mama yake akakimbia.

Zahanati ilikuwa mwisho wa mtaa, baada ya duka la vipuri. Alikimbia bila viatu, mtoto mzito kama gunia la mchanga, udenda unamlowesha bega, na nyuma yake anasikia ndala za nyumba nzima. Kila hatua alikuwa anamwomba Mungu kitu kimoja, na akiona haya kukiomba: kisiwe changu. Chochote kilichomshika mtoto huyu, kisiwe cha kopo langu.

Tabibu wa zamu alikuwa mtu wa maneno machache. Alimlaza Bonge mezani, akamfunua jicho na kulimulika kwa tochi. Mboni ilikuwa imesinyaa, ndogo kama tundu la sindano. Akamsikiliza kifua, pumzi zilikwaruza kama maji kwenye mrija. Akauliza mtoto kala nini. Uji. Kashika nini?

"Mbwa," alisema Mama Bonge.

"Mbwa huyo kapakwa nini?"

Chumba kilikuwa kidogo na wao walikuwa wengi, na wote walikuta kitu cha kutazama ukutani.

Tabibu hakunyanyua sauti. Aliwaambia kwamba kama ni mafuta ya taa, ole wake atakayemtapisha mtoto au kumnywesha kitu, yatamwingia mapafuni. Kama ni sumu ya wadudu, ipo sindano yake, na dalili anaziona, lakini dawa ile nayo ni kali na mtoto ni mdogo. Hospitali kubwa atakakompeleka wataanza kwa swali hilohilo. "Anayejua aseme sasa. Baadaye hainisaidii."

Redio aliyajua yote yatakayofuata akifungua mdomo. Kwamba yeye, aliyesimama juu ya ndoo akawakataza wenzake, ndiye mvunja sheria. Kwamba mwenye nyumba atamtafutia sababu. Kwamba yule mteja wa kitambaa cha gharama atapata hadithi ya mwaka. Na kubwa kuliko hayo, kwamba mbele ya mwanamke huyu aliyemkabidhi mwanawe bila kuuliza, atakuwa ndiye muuaji. Ulimi uliomtumikia maisha yake yote ukawa kama umeshonewa kwenye kaakaa.

Bonge akakoroma. Kidole chake kikachezacheza hewani.

"Oili chafu," alisema Redio. "Oili chafu na salfa. Ni mimi niliyempaka."

Alingoja dunia imwangukie. Badala yake, nyuma yake, Fundi Cheche akakohoa. Akasema, macho chini, kwamba yeye alimpaka mafuta ya taa, maana mbwa hulala karibu na kazi yake mchana na alikuwa anamhurumia; na tangu hapo kila akiwasha mashine alikuwa anahofia cheche moja tu imrukie. Babu Ugoro naye akajikuna kidevu akakiri maji ya tumbaku, mara kadhaa, kwa brashi ya kupakia rangi.

Wakatazamana. Katika nyumba ambamo hata ndoa za watu zilijadiliwa bombani, kila mlango ulikuwa na dawa yake, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Tabibu akatikisa kichwa. Tumbaku inaweza kuleta baadhi ya haya, alisema, lakini si hivi. Kuna kingine.

Hapo ndipo kazi ya miaka mingi barazani ilipomfaa Redio. Aliona kitu ambacho wengine hawakukiona. Watu watatu wameungama mbele ya mama mzazi kwamba wamempaka sumu mbwa aliyekumbatiwa na mwanawe, na mama huyo hajamlaani hata mmoja. Hajamtazama hata mmoja. Alikuwa ameshika pindo la nguo yake, analikunja, analikunjua.

Redio akamsogelea akamshika mabega.

"Mdogo wangu," alimwambia polepole, "mimi ndiye niliyesema anayemgusa mbwa asishike mtoto. Nilisema kwa woga wa wateja wangu. Hayo yaache hapa mlangoni. Wewe umempaka nini?"

Mama Bonge akaliachia pindo.

"Dawa ya kupe," alisema. "Ya kuogeshea ng'ombe. Kaka yangu aliniletea kwenye chupa ya soda. Nilimmwagia jana jioni. Aliniambia nichanganye na maji mengi. Niliona upele umezidi. Sikuchanganya. Baba Bonge asijue, dada. Chupa iko chini ya kitanda."

Fundi Cheche alikuwa ameshatoka mbio kuifuata kabla hajamaliza kusema.

Ndipo tabibu alipobadilika akawa mikono ya kazi tu. Mvueni nguo zote. Maji, sabuni, kichwa, shingo, mikunjo ya mapaja, kila mahali, nanyi msimshike bila glavu. Shati la Bonge lilitupwa kwenye ndoo likanuka chumba kizima, ile harufu ya kukaba koo, na Redio akakumbuka alipoinusa asubuhi kwa Askari: kikulacho ki nguoni mwako. Akaamriwa naye avue gauni lililolowa begani, akapewa shuka. Sindano ikaingia. Wakangoja. Ikaingia ya pili.

Redio aliishika miguu ya Bonge akiwa amevaa glavu kubwa zilizompwaya, na aliihesabu mishtuko ya nyama zile kwa mikono yake, inakuja, inakuja, inachelewa kuja. Udenda ukapungua. Mdomo ukaanza kukauka. Pumzi iliyokuwa inakwaruza ikapata njia. Kisha mtoto akakunja uso, akavuta hewa, akalia, kilio kibovu, cha sauti iliyopasuka, na mama yake akakaa chini sakafuni palepale kama nguo iliyoteleza kutoka kwenye hanga.

Bado, alisema tabibu. Hii dawa huisha nguvu na sumu ikarudi. Ni lazima alale anaangaliwa. Gari likaja, Mama Bonge akapanda na mwanawe, chupa ya soda ikiwa imefungwa ndani ya mifuko mitatu, na wengine wakarudi nyumbani kwa miguu, polepole, kama watu waliotoka kuzika na hawajui wamemzika nani.

Askari alikuwa bado kwenye kona, hai kwa shida. Redio akampigia simu bwana mifugo. Alipofika aliwafundisha kufunga mikono kwa mifuko ya plastiki, na wakamwogesha mbwa uani, kwenye bomba lilelile la mkutano, kwa sabuni ya vyombo, maji juu ya maji. Povu lilitoka jeusi, kisha kijivu. Bwana mifugo akamchoma sindano, akawaambia hawezi kuahidi kitu. Akawaambia pia kwamba upele ule una dawa yake ya kawaida kabisa, inayopimwa kwa uzito wa mbwa, na kwamba wangemwita mapema wasingefika hapa. Kisha akauliza mbwa amepakwa nini na nini. Wakajibu wote kwa pamoja, wakikatizana, mpaka akawanyooshea kiganja waseme mmoja mmoja.

Mwenye nyumba aliingia wakati huo. Akawakuta wameinama, wamelowa, mikono yote juu ya mbwa. Alitaka kusema jambo, simu ya Redio ikalia.

Ilikuwa namba ya Mama Bonge. Redio aliitazama ikilia mara ya kwanza, ya pili. Mwanamke aliyeishi kwa habari hakuwa na ubavu wa kuipokea hii. Babu Ugoro akambonyezea na kuiweka sauti juu.

"Amenyonya," sauti ilisema. "Kidogo tu. Wanasema mpaka kesho ndiyo watajua. Mbwa je?"

Wote wakasubiri Redio ajibu. Ndiyo kazi yake. Akachuchumaa, akaisogeza simu karibu na pua ya Askari, ili yule wa upande wa pili asikie mwenyewe ile pumzi, inayokwaruza, inayokatika, inayorudi tena.