Fundo la Kiurdu

Haya, nitegulie hiki. Bwana wangu kalala nyumbani, kajifunika shuka la kijivu. Wageni wanapita, hawamwoni. Nikimfunua, anafumbua jicho jekundu. Ni nani? Usikimbilie kujibu. Kibebe twende nacho hadi Sadikpura, na kama tukifika huko hujakipata, utanipa mji, na uwe mji mkubwa, vijiji sitaki.

Sadikpura iko Bara Hindi, kando ya mto Gomti, na hapo aliishi Nasiban, mke wa Shah Wajihi. Shah Wajihi alikuwa msomi wa elimu ya masufi na mtunzi wa mashairi. Diwani nne alikuwa amekwisha kuandika, zote kwa Kiajemi. Watu wenye vilemba vizito walitoka Lakhnau na Patna kuja kuketi barazani kwake, wakitikisa vichwa na kuguna kwa utamu. Nasiban aliwapikia. Kiajemi chenyewe hakukijua hata cha kuombea chumvi.

Siku ya tatu ya ndoa yao alimwuliza mumewe, "Haya yote unayoyaandika, unamwandikia nani?" Mume akacheka, akasema, "Nitakujibu." Ikapita miaka thelathini na sita. Kila Idi, akimpa bakuli la tambi za maziwa, Nasiban humwuliza, "Baba Nafisa, jibu langu limeiva?" Naye husema, "Ongeza sukari kwanza."

Sasa mwaka huo, wakati wa baridi, asubuhi moja walitupiana maneno mawili matatu jikoni, maneno ya kawaida ya watu waliozeeka pamoja. Shah Wajihi akaenda barazani na kalamu yake ya tete. Mchana hakula. Alipotoka, alikuwa na wino mpaka kwenye ndevu.

"Nimeandika ghazali," akasema. "Kwa Kiurdu."

Nasiban aliuachia upawa ukazama kwenye dengu. Kiurdu ndicho alichogombania bei, ndicho alichowabembelezea watoto. "Nisomee basi."

"Siwezi. Nimeapa isikike kwanza kwenye kaburi la mwalimu wangu, siku ya arusi yake. Wakubwa wa kaburi wakiikubali, utaisikia ukiwa nyuma ya pazia. Wakiikataa, naitia mtoni."

Usishangae arusi ya marehemu. Sisi tunasema hauli, ila kwao siku aliyokufa walii huitwa arusi, maana ndiyo siku aliyokutana na Mpenzi wake, na watu huja na maua na nguo mpya.

Tangu siku ile Nasiban alihesabu siku kama mwari. Macho yake yalikuwa yakififia kwa vitu vya karibu, lakini masikio yalikuwa mazima, na alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: kusikia shairi moja la mumewe na kulielewa.

Wiki moja kabla ya hauli, Shah Wajihi alipeleka karatasi kwa Khalifa Tajammul, msimamizi wa kaburi. Alirudi nayo mkononi.

"Amesemaje?" Nasiban akauliza.

"Amesema kaburi lile linaimbiwa Kiajemi. Akaniuliza, mwalimu akisikia lugha ya wauza mboga kichwani pake, atasemaje? Nikamwambia atauliza bei ya biringani, kwa sababu alikuwa akizinunua mwenyewe."

"Akacheka?"

"Hajacheka tangu avae kile kilemba." Akaikunja karatasi, akaitia chini ya mto wa kulalia. "Hauli ikipita, nitashuka Gomti."

Lakini Nasiban hakuolewa jana. Waimbaji wa kawali, zile nyimbo za masufi, kila mwaka, siku moja kabla ya hauli, hula chakula cha mchana nyumbani kwake, na mkubwa wao, Bundu, alimjua tangu akivaa hirizi shingoni. Shah Wajihi alikuwa amekwisha kumpa nakala ya ghazali aitafutie sauti. Nasiban akamjazia sahani, akakaa mbele yake.

"Bundu, mwanangu. Mkiimba, si huwa mnafunga fundo?"

Bundu akaacha kutafuna. Kufunga fundo ni desturi yao: katikati ya wimbo mwimbaji huchomeka beti moja ya wimbo mwingine, hata wa lugha nyingine, ili maana ifunguke, kisha hurudi alipokuwa.

"Tunafunga, Mama. Lakini pale tunafunga kwa Kiajemi na Kiarabu tu."

"Nani kaandika hivyo? Ukutani pameandikwa?"

"Mama, Khalifa akiniinulia mkono, nanyamaza. Na mwakani, sisi tuliorithishana nafasi ile vizazi sita, tutakuwa tunaimba kwenye harusi za wauza vitunguu."

"Wauza vitunguu wanalisha vizuri. Na je, mtu akishikwa na hali?"

Hali ni ule mshtuko wa roho unaompata msikilizaji, akawa hajijui. Mtu akishikwa, mstari uliomshika hauachwi, unarudiwa mpaka atulie, kwa sababu wanaamini ukiukata ghafla unaweza kumuua. Na wote waliokaa husimama naye, awe tajiri, awe mfagiaji.

"Hapo hata Khalifa mkono wake hauinuki," Bundu akasema. "Lakini hali haipikwi kama pilau, Mama."

"Najua. Wewe funga fundo. Mengine yana mwenyewe."

Bundu akasogeza sahani kando. "Nikusomee walau hiyo beti ya Shah nitakayoichomeka, uamue kama inastahili?"

Nasiban akaziba masikio kwa viganja viwili. "Ameapa. Nikiisikia hapa jikoni nitakuwa nimemfanya mwongo. Kula, ngozi inakushika mbavu."

Siku ya hauli, baada ya khitma, jua likiwa bado halijawa kali, ua wa kaburi ulijaa. Shuka nyeupe zilitandikwa, wasomi wakaketi mbele, Khalifa Tajammul katikati yao, Shah Wajihi pembeni kidogo ameinama. Nyuma kabisa, penye viatu, alisimama Mzee Jumrati, mbeba maji, na kiriba chake cha ngozi ya mbuzi kimetuna begani, akinyunyiza njia vumbi lisipande. Nasiban alikaa na wanawake nyuma ya pazia la vijiti, pua yake imegusa vijiti.

Bundu akaanza. Kiajemi kikapanda na kushuka, ngoma ikakifuata, makofi yakaingia. Wasomi wakatikisa vichwa kama kila mwaka. Mwanamke jirani ya Nasiban alipiga miayo. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza, ukafika katikati. "Ameogopa," Nasiban akajisemea. "Na mimi ningeogopa."

Ndipo Bundu akafumba macho, akausimamisha wimbo kama mtu anayesimamisha farasi, akatoa sauti peke yake bila ngoma, kwa Kiurdu:

*Nimezunguka mtaa, naomba kaa la moto,*
*Kumbe moto u jikoni, kajifunika majivu.*

Maneno yale Nasiban aliyajua. Yalikuwa yake! Asubuhi ile ya baridi jiko lilizimika, mumewe akachukua kigae akaenda kuomba kaa kwa majirani, nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, akarudi pua imekuwa bluu na kigae kitupu. Akamkuta yeye kachutama anapuliza. "Umezunguka mtaa mzima kuomba kaa la moto," ndivyo alivyomwambia, "na moto uko hapa hapa jikoni, umejifunika majivu. Na wewe ndiye msomi." Basi ndilo lile lililompeleka barazani asile.

Na wewe, kitendawili umekipata? Basi mji wangu umeniponyoka.

Bundu alirudia mara moja. Khalifa Tajammul akafumbua macho, uso umekaza. Mkono wake ukaanza kuinuka kutoka gotini. Nasiban aliuona ukipanda, umefika kifuani, vidole vinajinyoosha, na hata kilemba kimoja mbele hakikutikisika. Shah Wajihi aliinama zaidi.

Pwaa!

Kiriba kilikuwa kimeanguka. Mzee Jumrati alisimama penye viatu, mikono wazi, anatetemeka toka kisiginoni hadi utosini, machozi yanamchirizika, anasema kwa sauti ndogo, "Jikoni. Jikoni kwangu." Miaka hamsini amelinyunyizia kaburi lile maji, miaka hamsini amesikia Kiajemi kikipita juu ya kichwa chake kama ndege wanaohama, na leo mmoja alitua.

Maji yakakimbia chini ya shuka nyeupe. Wasomi wakanyanyuka safu kwa safu, wengine kwa heshima ya hali, wengine kwa sababu wamelowa, na hakuna aliyeweza kuwatenganisha. Ngoma ikaingia kwa nguvu. *Kumbe moto u jikoni.* Mara ya kumi. *Kumbe moto u jikoni.* Mara ya ishirini, na sasa makofi yalikuwa ya ua mzima, hata wanawake, hata yule aliyepiga miayo.

Mkono wa Khalifa ulibaki hewani. Akautazama kama si wake. Kisha akasimama, akapita katikati ya watu, kanzu inaburuta majini, akamshika Jumrati mkono asianguke, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya msimamizi. Alimshika, akamshikilia, na Nasiban aliona kilemba kile kikubwa kikianza kuyumba taratibu, kushoto, kulia, kikifuata mikono ya mbeba maji.

Jumrati akatulia, ngoma ikakoma. Khalifa alikuwa bado amemshika.

"Bundu," akasema. "Beti ya pili inasemaje?"

Bundu akaimba ya pili, na ya tatu, mpaka ya saba, na Nasiban akazielewa zote.

Walipofika nyumbani, Shah Wajihi aliitoa karatasi chini ya mto, akaiweka kwenye rafu pamoja na zile diwani nne. Nasiban alimwekea bakuli la tambi mbele yake. Akaonja, akaweka kijiko chini.

"Mbona huulizi?"

"Leo si Idi."

"Uliza hivyo hivyo."

Nasiban akafuta mikono kwenye ushungi, akakaa. "Haya. Unamwandikia nani, Baba Nafisa?"

"Wewe," akasema. "Ila nimechelewa kujifunza lugha yako."