Kikuku cha Pembe

Siku tuliyokwenda kuchukua bunduki kwa Fundi Kaspar, nilikuwa nimenuna tangu asubuhi. Mume wangu Primus alitembea mbele, mkono wa kulia ndani ya koti kama kawaida yake, akipiga mluzi. Mtu anayepiga mluzi huku nyumba yake inaning'inia kwenye uzi, huyo ni wa kupigwa kikumbo tu.

Nyumba yetu ni ya tajiri mwenye msitu. Mlinzi wa wanyama hukaa humo maadamu anaweza kulenga. Primus alirudi kutoka vitani bila kidole cha shahada, baridi ilikila, na kidole cha kati kilipona vibaya, kinene na chenye makovu. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno. Kisha msimamizi wa msitu, Bwana Lobner, akatangaza kwamba katika sikukuu ya wawindaji Primus ndiye atakayepewa risasi ya kwanza kwa kulungu dume. Akikosa, kazi inakwenda kwa mwingine, na nyumba inaifuata kazi.

Bunduki ilikuwa ya marehemu baba mkwe, ya vita vile vya kwanza vya milimani. Tuliipeleka Ferlach, mji wa mafundi bunduki, igeuzwe iwe ya kuwinda. Ferlach hakuna mtu mmoja anayetengeneza bunduki peke yake. Huyu alikata mtutu, yule akachonga mti mpya wa mjozi wa kuubeba mtutu, na bunduki ilihama nyumba hadi nyumba ikiwa imeviringishwa kwenye aproni. Mwisho ikafika kwa Kaspar, ambaye kazi yake ni kuvifanya vyote vikubaliane. Kilichobaki ni kile kikuku cha chini kinachozunguka kifyatulio. Cha kijeshi kilikuwa cha chuma, chembamba, na wakati wa theluji chuma kinang'ata makovu. Kaspar alitaka kuweka cha pembe. Pembe tulimpelekea sisi, ya ng'ombe wetu dume.

Karakana ilinuka mafuta na mbao za mjozi. Kaspar alikuwa mzee mfupi, nyusi nyingi, na hakuwa mtu wa salamu ndefu.

"Haya, mlinzi. Fumba macho, shika."

Hiyo ndiyo desturi yake. Hakukabidhi bunduki mpaka mwenyewe aishike amefumba macho na kidole kijiendee chenyewe mahali pake. Kikuku kilikuwa cheusi, kinang'aa, kimezama kwenye mti vizuri kabisa. Primus akatoa mkono, umo ndani ya glavu. Akafumba macho. Kidole kikaingia nusu, kikakwama.

"Vua glavu," Kaspar akasema.

"Si lazima, Fundi."

"Nimekwambia vua, au nikuvue kama mtoto mchanga?"

Primus hakuvua. Akasukuma kidole, uso ukamwiva. Kaspar akaenda kwenye rafu, akarudi na donge la nta. Wateja wake wote huwapa nta, waende nayo nyumbani, wailainishe, waishike kama wanavyoshika bunduki, wairudishe. Pembe huchongwa kwa kufuata nta hiyo.

"Hii nta ni ya mkono wa nani?"

Primus akaitazama glavu yake.

"Mama," Kaspar akanigeukia, "hii nta ni ya nani?"

"Mimi nilimwona akitoka nayo tu," nikasema. "Primus! Ya nani?"

"Ya Lukas."

Lukas ni mdogo wake, seremala, vidole vyote kumi na vyote vizuri.

"Basi Lukas ndiye atakayelenga kulungu?" Kaspar akauliza. "Kama ni hivyo niambie, nimpigie na viatu rangi."

Sikuweza kujizuia. "We mwanamume, una akili wewe? Pembe yenyewe ni hiyo hiyo moja! Kesho kutwa ni sikukuu! Tukalale wapi, kwa huyo Lukas wako?"

"Burgi, tafadhali."

"Tafadhali nini? Uliona haya kuonyesha nta? Nta haina macho!"

Kaspar akaninyamazisha kwa kidole, kisha akamngojea Primus. Mume wangu akavua glavu polepole. Tangu arudi sikuwahi kuuona mkono ule mchana kweupe. Hata kanisani ulikuwa umefunikwa. Nilitaka kutazama pembeni, nikajilazimisha nisifanye hivyo.

Kaspar akauchukua, akaugeuza huku na huku, akakikunja kidole kile kinene, akakikunjua.

"Yesu na Maria, kelele zote hizi?" akasema. "Nilidhani umenifichia kwato. Huu ni mkono, bwana. Kaa hapa, na usiurudishe kwenye koti mpaka nimalize."

Akakitoa kikuku kwenye mti. Sasa ilibidi kipanuliwe, kisogezwe mbele kidogo, na mti ukatwe upya kukipokea. Pembe nyingine hakuwa nayo. Pembe ikipasuka, imepasuka, na mti ukikatwa kupita kiasi haurudi. Aliyajua hayo kuliko mimi.

Alitumbukiza pembe kwenye mafuta ya moto. Ilipolainika akaikunja, si kwenye kipande cha mti, bali kuzunguka kidole chenyewe cha Primus kilichofungwa kitambaa kinene. Primus akauma midomo. Mimi nikashika meza. Nilisikia pembe ikilia kidogo, kwi. Haikupasuka.

Ilipopoa akaishika juu ya moshi wa taa mpaka ikajaa masizi, akaikandamiza kwenye mti, akainyanyua. Pale pembe ilipogusa, mti ulibaki na alama nyeusi. Akakwangua alama zile tu, vumbi la kupeperusha kwa pumzi. Masizi tena. Kukandamiza tena. Kukwangua tena. Mwanzo alama zilikuwa nukta chache, kisha zikawa visiwa, kisha visiwa vikaanza kuungana. Jua liliondoka dirishani na mimi nilikuwa sijaketi. Nilisahau kununa. Nilikuwa nikitazama watu wawili wasiojuana, pembe na mti, wakifundishwa kuishi pamoja, na mwalimu hakupandisha sauti.

Mara ya mwisho alipoinyanyua, mti ulikuwa mweusi sawasawa, kila mahali, bila doa jeupe. Akapangusa, akagonga kwa kiganja. Kikuku kikaingia kwa sauti ndogo, kama kifuniko cha kopo la chai.

Nikapitisha ukucha kwenye kiungo. Sikukiona, sikukihisi. Nikapitisha tena, nikidhani ukucha wangu ndio mbovu.

"Fumba macho," Kaspar akasema.

Primus akashika. Kidole kile, ambacho hata kijiko kilikuwa kinakikimbia, kikateleza ndani na kutulia kwenye kifyatulio. Alikaa hivyo kwa muda, macho yamefumbwa, na machozi yakapita chini ya kope. Kaspar akajifanya anatafuta tupa.

Sikukuu ilikuja na ukungu. Wanaume wakapanda mlimani na Bwana Lobner, mimi nikabaki jikoni nikisonga ugali, kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi. Mlio ukaja kutoka juu, mmoja, ukagonga kuta za milima ya Karawanken na kurudi. Baada yake kimya. Wawindaji wakikosa, hushuka kimya hivyo hivyo. Mwiko ukanisimamia sufuriani.

Kisha likalia tarumbeta. Polepole, sauti ndefu, ule wito wanaoupiga tu kulungu dume akiwa amelala chini. Wakaurudia ili bonde zima lisikie. Ugali ulikuwa unaungua, nikauacha uungue. Nilikaa sakafuni katika jiko letu, nyumbani kwetu, nikalia kwa sauti.